Mstari Mweusi wa Ukuta wa Bibi

Mwanangu Nyangeta,

Wengine wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: umenuna. Umenuna tangu tuliporudi kutoka Guta, unanijibu "ee" na "hapana" kama karani aliyechoka na wateja, na mchana huu umetoka kwenda mjini kuaga wenzako, ukanipita hapa mlangoni bila kuniangalia. Basi nimechukua kalamu yako moja, nimekaa kizingitini, na majirani wa Nyasho wanapita wakiniuliza kama nimeanza shule. Nawajibu kwamba ndiyo, nimeanza, na nimechelewa.

Sitakuandikia habari za kula na kulala. Una akili, na usipokuwa nazo njaa itakufundisha. Nataka kukueleza maneno yaliyosemwa Guta baada ya wewe kuinuka na kutoka nje. Nimejaribu kukuambia tangu juzi, na kila nikifungua mdomo unawasha redio. Kesho asubuhi utakuwa ndani ya basi, na huko chuoni utafika na nusu ya habari. Ile nusu mimi ndiye niliyeipotosha, kwa hiyo ngoja niipange tangu mwanzo, maana mtu akiwa na hasira hukumbuka mambo kwa vipande.

Ile nyumba ya Butiama tuliyoishi kabla ya kuhamia hapa unaijua. Ni nyumba ya udongo ya bibi yako mzaa baba, ambaye jina lake ndilo unalolibeba. Nilikupa jina hilo kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, si kwa sababu nilimpenda. Ndiyo maana ulipokuwa mdogo nilikugombeza kwa kusema "wewe mtoto", kwani kila nikitaja jina lako naona kama namtukana mama mkwe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusiriba kuta. Nilikuja kwake nikijua kupika tu, na kupika kwenyewe alikuwa na maneno. Alinipeleka kwenye kichuguu akanionyesha udongo unaoshika na udongo unaodanganya. Kinyesi cha ng'ombe alikichagua. Kile cha ng'ombe aliyekula majani mabichi ndicho alichokitaka, na cha kiangazi alikikataa kwa sababu hakina gundi. Udongo mweupe tuliufuata bondeni kwenye kijito, tukauchuja kwa kitambaa. Mwekundu ulitoka nyuma ya zizi. Mweusi ndio uliokuwa na kazi, maana ulitoka kwenye mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha moto. Aliyapasua kwa jiwe, akatoa ule unga wa ndani, akauponda na masizi ya sufuria na maji kidogo, na ukishapakwa ukutani hauondoki hata ukisuguliwa. Siku hizi watu wana simu na sola, mawe ya redio huyapati hata kwa kuomba. Mweusi wangu mimi ni wa mkaa mtupu, na wewe umeuona unavyotiririka kwa mvua ya kwanza.

Kila mwaka mavuno yakiisha, tulisiriba nyumba nzima pamoja. Ukuta mmoja tu hakuniruhusu niuguse, ule unaotazama njia. Hapo alichora peke yake ule mstari mweusi unaopinda kutoka darini mpaka chini, na pembeni yake zile nukta. Nilimwuliza mara moja nimsaidie. Akasema, "Wewe kapike." Nikaamini ananificha jambo la ukoo, kwamba mimi ni mtu wa kuja na mambo ya wenyewe hayanihusu.

Alipokufa, nikaurithi ukuta bila maelezo. Nikawa nafuata palepale alipopita, juu ya alama zake, kama mtoto anayefuatisha herufi za mwalimu. Ndipo wakaanza kuja wageni. Butiama wageni hawakosekani, na siku moja kijana anayewatembeza akawasimamisha mbele ya nyumba yetu, mama mmoja mwenye kofia akaniuliza mstari ule una maana gani. Nikaona aibu kusema sijui. Mtu anachora kitu miaka yote halafu hajui anachora nini? Nikasema, "Ni njia waliyopita mababu zetu walipokuja huku. Na nukta ni koo zao." Wote wakavuta pumzi kwa pamoja, wakapiga picha. Mwanangu, nilijisikia mtu. Sikuwahi kusema neno watu wakalipokea namna ile, hata kanisani.

Waliofuata niliwaongezea. Palipopinda nikasema ni mto waliouvuka. Nukta kubwa ikawa ya mzee wa kwanza. Mwishowe yule kijana akawa anaeleza mwenyewe, mimi naitikia tu kwa kichwa, na walimu wakaleta wanafunzi. Wewe ulikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Ulikaa chini na daftari ukaandika, na ukanitazama kwa macho ambayo hujanitazama nayo tena.

Uongo wangu ukakupeleka mbali. Walipokuita chuoni kwenye usaili ulibeba picha ya ukuta ule. Uliporudi ulinieleza kwa furaha kwamba kazi ya sanaa huulizwa mambo matatu: malighafi, yaani imefanywa kwa nini, mada, yaani inaonyesha nini, na dhamira, yaani inasema nini moyoni mwake. Ukasema malighafi uliwaeleza mpaka wakashangaa, mada ukasema ni njia, na dhamira ukasema ni kumbukumbu ya watu waliohama. Wakakupigia makofi. Nami nikakupikia kuku, mwanangu, nikakaa nikala na wewe.

Halafu ukataka tupite Guta kumuaga bibi Nyabise kabla hujasafiri. Ni desturi na ni vizuri, maana ndiye wifi pekee wa marehemu aliyebaki hai. Ukawasha simu yako imrekodi. Nilipoiona ile simu nikajipa moyo kwamba mzee amesahau. Wazee husahau vitu vyote isipokuwa vile unavyotaka wasahau.

Yeye anamenya mihogo, wewe ukamwuliza njia ya mababu ilianzia wapi.

"Njia ya nani?"

"Ya mababu, bibi. Ule mstari mweusi. Mama anasemaga ni njia."

"Mama yako amewajulia wapi mababu zetu? Pale palikuwaga na ufa, mjukuu wangu. Kila mwaka palikuwaga na ufa, wifi anaupaka mweusi usionekane. Basi."

"Na zile nukta?"

"Nukta zipi? Aa, zile! Alikuwaga anafutia vidole."

Ulizima simu. Ukanigeukia, na sauti yako ikawa ndogo kabisa: "Mama, nimesimama mbele ya walimu nikawaambia vidole vya kufuta ni koo." Ukatoka ukaenda kukaa kwenye mkokoteni kule zizini ukiwa umetupa mgongo, na ulipopanda gari kurudi ulikaa kiti cha mbali na mimi.

Sasa sikia yaliyofuata.

Bibi Nyabise aliniuliza, "Huyu amekasirikia nini?" Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Halafu akaacha kumenya, akanitazama.

"Lakini ufa ule si ulikuwa wako? Hukujuaga?"

"Wangu kivipi, mama?"

"Si ndiyo wewe uliletwa, chumba kikaongezwa? Kaka yangu, mkweo, alikijenga mbiombio, mvua ziko karibu. Hakulowesha ukuta wa zamani, akabandika udongo mpya juu ya mkavu. Ukakauka, ukajivuta, ukaachia. Mvua ya kwanza tu, ufa juu mpaka chini, katikati ya nyumba na chumba chako. Watu wakaanza: mke ameingia, nyumba imepasuka. Kulikuwa na waliosema urudishwe kwenu."

"Sikusikia neno hilo hata siku moja."

"Ungelisikilia wapi? Wifi aliponda mawe ya redio usiku huohuo. Asubuhi watu wanaamka, wanakuta mstari. Wakasema ehe, huyu mama anampambia mkwe wake nyumba. Wakanyamaza."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akachukua muhogo mwingine.

"Angekwambia nini? Kwamba nyumba imekukataa?"

Nilikaa pale nikitazama maganda ya mihogo. Niliumia, Nyangeta. Naumia hata sasa ninapoandika, na sijui niupeleke wapi uchungu huu kwa sababu mwenye kuupokea yuko kaburini.

Kuna jambo moja ambalo bibi Nyabise halijui. Mwaka ambao wewe ulianza kutambaa, mama mkwe aliugua wakati wa kusiriba. Nikaona nafasi yangu imefika. Nilichanganya mweusi mzuri, nikachukua kamba nikaipaka unga kama mafundi wafanyavyo, nikapiga mstari ulionyooka wima kutoka juu mpaka chini. Nilijivunia sana. Nilisema moyoni, ona sasa kazi ya mtu mwenye jicho. Mstari wangu haukupita penye ufa, maana ufa haunyooki. Mvua ziliponyesha, ufa ukafunguka wazi pembeni ya mstari wangu mzuri, na kila apitaye njiani akauona, nami nikadhani ni ufa mpya wa mvua za mwaka ule. Sasa ndipo naelewa kwamba yale maneno yaliyokuwa yamezimwa kwa miaka yalirudi na yakamfikia baba yako. Sisemi ufa ndio uliomwondoa. Alikuwa na miguu yake na macho yake. Lakini mwaka uliofuata alihamia Bunda kwenye pamba, akaoa huko, na kwetu akawa mtu wa kuja misibani.

Na mama mkwe, akiwa bado mgonjwa, alitoka ndani na blanketi kiunoni, akaukwangua mstari wangu kwa kisu, akachora wake uliopinda. Nilisimama uani nimekupakata nikimwangalia, nikamlaani kimoyomoyo. Niliona ni wivu. Kuanzia siku hiyo tukabaki na shikamoo na marahaba. Tuliishi ukuta kwa ukuta mpaka akafa, na sikumwuliza kitu zaidi ya chumvi.

Wewe ulisema sanaa ina maswali matatu. La malighafi naweza kulijibu hata nikiamshwa usingizini. La mada limejibiwa Guta: ni ufa. Kwa hiyo umebaki na la tatu, na najua unavyofikiri, maana umezaliwa na mimi. Utataka kusema dhamira yake ni upendo. Ni neno zuri. Ukiwaambia walimu wako kwamba mama mkwe alichora mstari kumficha mkwe wake na ulimi wa watu, watapiga makofi kuliko mara ya kwanza.

Mimi sikuambii hivyo. Nimeshakudanganya mara moja kwa maana nzuri na nimeona mwisho wake. Labda alinipenda. Labda aliogopa aibu ya nyumba yake. Labda hakutaka ule usumbufu wa kwenda kwetu kudai ng'ombe warudi, maana baba yangu alikuwa mgumu wa kutoa kitu kikishaingia zizini kwake. Bibi Nyabise naye anajua alichokiona tu. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini yeye hakuziba na hakujenga, alipaka rangi. Kwa nini alirudia kupaka kila mwaka badala ya kubomoa na kujenga upya? Sijui. Aliyejua nilikuwa naye kila siku nikamnunia, kama wewe unavyoninunia sasa. Sisemi hivyo ili nikutie hatia. Una haki ya kununa. Nasema kwa sababu najua mwisho wa kununa ulivyo mtupu.

Huko uendako watakuuliza tena juu ya picha ile. Nimekaa siku hizi nikitafuta cha kukushauri na sijakipata. Ukinyamaza utaubeba uongo wangu mpaka umalize masomo. Ukisema, watacheka, au watakuona mjanja, au watakurudisha. Ningekuwa mama mwenye busara ningejua njia. Nalijua hili moja tu, na limenigharimu: nilipousimamia ukuta ule nilikimbilia maana kabla sijauangalia ukuta wenyewe. Laiti ningeweka mkono pale, ningeuhisi ufa chini ya rangi. Kitu cha mtu kiguse kwanza, kama wanakuruhusu kugusa. Na usipojua, sema hujui, hata kama mbele yako amesimama mtu mwenye kofia nzuri.

Sikuambii kwamba mambo yatakuwa sawa. Sioni yatakuwaje sawa. Sanaa sijawahi kuona ikimlisha mtu huku kwetu, na wanaokwenda mbali kusoma sijaona wakirudi kukaa. Na nyumba nayo imekwisha. Baba yako mdogo Magesa ameshaleta matofali ya simenti Butiama, na kesho vijana wataanza kubomoa. Sikukuambia kwa sababu ungetaka kuahirisha safari, na nafasi yako chuoni haingoji. Simlaumu Magesa. Nyumba ya udongo ni ya mtu mwenye mikono ya kuirudia kila mwaka. Mikono yangu vidole vimekufa ganzi, havishiki tena, na yako inakwenda.

Leo alfajiri nilipokuambia naenda sokoni nilikwenda Butiama. Ufa umepanuka, mkono unaingia. Niliuingiza. Ndani, pembeni mwa ufa, nilikuta tabaka za mweusi zimekaa moja juu ya nyingine, mwaka juu ya mwaka. Za chini ni ngumu na zinang'aa, ndizo zake. Za juu ni zangu za mkaa, zilinibakia vidoleni nilipozigusa tu. Katikati nilitafuta mwaka wa mstari wangu ulionyooka, lakini haukuwepo, kwa sababu haukupita pale.

Nilitaka kukuletea kipande. Nilikibandua polepole kwa ncha ya kisu, tabaka zote pamoja, kikatoka kizima cha ukubwa wa kiganja, nikakifunga kwenye leso na kukishika mapajani garini kama yai. Nilipoteremka hapa stendi nikafungua leso nikuangalizie. Ulikuwa umebaki unga. Niliukung'uta palepale, watu wanapita, nikaja nyumbani nikanawa, nikaanza kukaanga sato.

Sato huyo yuko jikoni, nimemfunika. Ukirudi nitakuambia ule. Kama hutaki kuzungumza na mimi leo, usizungumze, sitakulazimisha, na barua hii nitaiweka chini kabisa ya nguo zako ili uikute ukishafika. Lakini kesho asubuhi begi lako nitalibeba mimi mpaka stendi. Natumaini hutaninyang'anya njiani.

Ni mimi, mama yako.